KUFUNGA VILABU NI AMRI, KUVIFUNGUA NI KAZI

Kipindupindu kinapozuka mahali nchini mwetu, miongoni mwa amri za kwanza kutolewa na viongozi huwa ni ile ya kufunga vilabu vya pombe za kienyeji. Amri hiyo hutangazwa kwa kipaza sauti, hubandikwa katika mbao za matangazo za ofisi za kata na vijiji, na mgambo hupita kuhakikisha kwamba inatiiwa. Hatuna ugomvi na amri hiyo. Ni amri ya haki, kwa sababu uhai wa mwananchi mmoja una thamani kuliko mapipa yote ya pombe.

Lakini ipo amri ya pili ambayo haitangazwi kwa kishindo kama hicho, nayo ni amri ya kufungua. Wagonjwa hupungua, kambi ya matibabu huvunjwa, na siku moja wanywaji hujikuta wamerudi katika mabenchi yao ya zamani. Vikombe ni vile vile, pipa la maji ya kusuuzia ni lile lile, na choo ni kile kile kilichobomoka kabla ya maradhi kuingia. Kilichobadilika ni tarehe tu. Hali hiyo ikiachwa iendelee, tunakuwa tumeyaondoa maradhi mlangoni na kuyafungulia dirisha.

Leo tunapenda kulizungumza jambo hili kwa kuziangalia wilaya za Handeni na Korogwe, katika Mkoa wa Tanga, na tunazungumza hasa na watumishi wa umma na walimu, kwa kuwa wao ndio watakaoulizwa. Tunasema kwamba kufungua vilabu baada ya maradhi ni kazi kamili inayohitaji mpango ulioandikwa, na kwamba mpango huo hauna budi kuandikwa kabla maradhi hayajaingia. Ukisubiri siku ya vilio, utaandikwa kwa hofu. Na ukisubiri siku ya furaha baada ya vilio, hautaandikwa kamwe.

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Wimbi la saba la kipindupindu duniani lilianza Indonesia mwaka 1961, likaingia Afrika mwaka 1970, na nchini mwetu likaripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Tangu hapo ugonjwa huo umekuwa ukiondoka na kurudi. Mwaka 1997 peke yake watu zaidi ya 40,000 waliugua nchini na zaidi ya 2,200 walipoteza maisha. Mwezi Agosti mwaka 2015 ulizuka tena Dar es Salaam, na kutoka hapo ukasambaa katika mikoa mingi ya nchi. Ugonjwa uliokwisha kurudi mara nyingi namna hii hauwezi kuitwa mgeni, na mwenyeji asiyejiandaa kuupokea hawezi kusema kwamba ameshtukizwa.

Halafu likaja janga la UVIKO-19. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, na siku iliyofuata shule zikaanza kufungwa. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa Juni 1 mwaka huo, na madarasa mengine yakafuata Juni 29. Walimu wanaosoma safu hii wanakumbuka vizuri siku zile. Shule hazikufunguliwa kwa kugonga kengele tu. Ndoo za maji zenye koki zilipangwa milangoni, sabuni zikatafutwa, wanafunzi wakafundishwa namna ya kunawa, na mwalimu wa zamu akasimama kuona kwamba kila mtoto amenawa kabla ya kuingia darasani. Huo ndio mfano tunaoutaka. Kama shule yenye watoto mia kadhaa iliweza kufunguliwa kwa utaratibu, ni kwa nini kilabu chenye watu wazima hamsini kishindwe?

Majirani zetu nao wametuachia mafunzo. Kenya ilifunga mabaa mwezi Machi 2020, na ikaruhusu yafunguliwe mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Mwezi Machi 2021 ililazimika kuyafunga tena katika Nairobi na kaunti nne nyingine, mpaka mwanzoni mwa Mei. Uganda iliyafunga mwezi Machi 2020 na haikuyafungua rasmi mpaka Januari 24, 2022, yaani karibu miezi 22. Nchi moja ilifungua mapema, ikafunga tena sehemu ya nchi. Nyingine ilichelewa mno, na wenye mabaa wakaa karibu miaka miwili bila kazi yao. Katika njia zote mbili gharama ilikuwa kubwa. Funzo tunalolipata ni kwamba swali la lini tufungue halitoshi. Swali kubwa zaidi ni tufungue vipi, nani akague, na nani awe na mamlaka ya kufunga tena mahali pamoja bila kuadhibu wilaya nzima.

Sasa tuziangalie Handeni na Korogwe zenyewe. Wilaya hizi mbili zina halmashauri nne, yaani mbili za wilaya na mbili za miji, lakini katika mambo ya maradhi ni nyumba moja. Maji ya bomba kubwa la Handeni, lililoanza kujengwa katika miaka ya 1970, huchukuliwa kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe. Barabara nayo inawaunganisha. Abiria anayetoka Dar es Salaam hupita Mkata na Kabuku, hufika Segera, na akielekea Moshi au Arusha hupita Korogwe na Mombo. Mahali pote hapo mabasi husimama, watu hula, hunywa, na kwenda haja. Siku za gulio, mwananchi wa upande mmoja hulala upande wa pili. Kwa hiyo haina maana vilabu vya Korogwe vifunguliwe kwa masharti makali ilhali vya Handeni vimefunguliwa kiholela, au kinyume chake. Mnywaji atakwenda kule kulikolegea, na atarudi nyumbani na alichokipata huko.

Zaidi ya hayo, Handeni inajulikana kwa shida yake ya maji. Wapo wananchi ambao kwa miaka mingi wametegemea malambo, na wakati wa kiangazi mama huamka usiku kwenda kupanga foleni. Katika hali hiyo, mwenye kilabu aliyenunua maji kwa debe huyatumia kwa kuyahesabu. Maji yale yale yanasuuza vikombe tangu alasiri mpaka usiku. Hafanyi hivyo kwa ubaya wa moyo, bali kwa sababu maji ni ghali na wanywaji ni wengi. Tuchukue mfano wa kilabu chenye wanywaji 60 na vikombe 15. Kila kikombe kitapita katika vinywa vya watu wanne kwa mzunguko mmoja tu, na mizunguko ya jioni moja ni mingi. Kama mmoja wa watu hao amebeba vijidudu mikononi, ndoo ya kusuuzia itavigawa kwa wote bila upendeleo.

Hapa tunapenda kuondoa dhana moja isiyo sahihi. Wapo wanaodhani kwamba pombe yenyewe ndiyo mama wa kipindupindu. Mwaka 1854, kipindupindu kilipoua mamia ya watu katika mtaa wa Broad Street mjini London, daktari John Snow alichunguza vifo hivyo na kugundua kwamba wengi wa walioathirika walikuwa wamekunywa maji ya bomba moja la mkono lililokuwa mtaani hapo. Jirani kabisa na bomba hilo palikuwa na kiwanda cha pombe chenye wafanyakazi zaidi ya 70. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa kwa ugonjwa huo. Walikuwa wakipewa pombe ya kiwandani na walikuwa na kisima chao wenyewe, kwa hiyo hawakuwa na haja ya kwenda bombani. Daktari huyo huyo aligundua pia kwamba maji ya bomba lile yalitumika katika baa za jirani kuchanganyia pombe kali. Pombe haikuwa sumu katika mkasa ule. Maji yaliyotiwa ndani yake ndiyo yaliyokuwa sumu.

Wahenga wetu walikwisha kulisema hilo kwa njia yao, kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sisi tumezoea kuutumia usemi huo kwa watu wanaolewa sifa, lakini katika kilabu una maana yake ya wazi kabisa. Pombe ya nafaka huchemshwa inapopikwa, na moto huo huua vijidudu. Hatari huingia baadaye, pale inapoongezwa maji mabichi ili itoshe wanywaji, inapochujwa kwa mikono isiyooshwa, na inapochotwa kwa kata iliyowekwa chini. Boha, ambayo ni pombe ya miwa inayopendwa sana sehemu hizi, inahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa juisi isiyopita motoni hutegemea usafi wa miwa, wa vinu, wa vyombo na wa mikono ya mtengenezaji. Uchachu wa pombe huvipunguza nguvu vijidudu vya kipindupindu, lakini hakuna mtu mwenye akili atakayeukabidhi uchachu kazi ya Bwana Afya.

Wapo wenzetu watakaouliza, na swali lao lina uzito: kama vilabu vina hatari zote hizi, kwa nini visifungwe moja kwa moja? Mwalimu anayemwona mzazi akipoteza ada na sare za mtoto katika kilabu ana haki ya kuuliza hivyo. Nasi hatuandiki makala haya kuusifu ulevi. Lakini tunapaswa kutazama kinachotokea kweli kilabu kinapofungwa kwa muda mrefu. Wanywaji hawageuki kuwa watawa. Pombe huhamia uani, vichakani na katika mashamba ya mkonge, mahali ambapo Bwana Afya hawezi kufika na ambapo hakuna hata kile choo kibovu cha kilabu. Tena huko ndiko kwenye gongo, kinywaji kilichopigwa marufuku na ambacho hakuna anayejua kimetiwa nini. Kilabu kilicho wazi kinaweza kukaguliwa, kilichojificha hakikaguliwi.

Lipo pia jambo la haki. Wengi wa wapika pombe katika vijiji vyetu ni akina mama, na baadhi yao ni wajane au walioachwa na watoto. Pipa moja la pombe ndilo linalonunua daftari, chumvi na mafuta ya taa. Kuwafungia kwa ajili ya usalama wa wote ni sawa, na wengi wao wataelewa. Lakini kuwafungia na kisha kuwasahau, bila kuwaambia wafanye nini ili wafunguliwe, hilo si sawa. Itakuwa aibu kubwa zaidi iwapo baa za mjini, ambazo wenyewe wana sauti katika ofisi, zitafunguliwa kwa haraka, na kilabu cha mama wa kijijini kikaachwa na kufuli kwa kuwa mwenyewe hajui aende mlango gani. Ni kweli kwamba bia ya chupa iliyofungwa ina hatari ndogo kuliko pombe inayochotwa pipani. Basi tofauti hiyo na iandikwe katika masharti wazi wazi, isiachwe itegemee kujuana.

Mpango tunaoupendekeza si mgumu, wala hauhitaji fedha nyingi kutoka nje. Kwanza, halmashauri zote nne zikubaliane tarehe kwa kufuata elimu ya ugonjwa, si kwa kufuata kelele. Kipindupindu hujitokeza kati ya saa chache na siku 5 baada ya kuambukizwa, na mtu asiyeonyesha dalili yoyote anaweza kutoa vijidudu katika choo chake kwa siku 1 hadi 10. Kwa sababu hiyo, kuruhusiwa kwa mgonjwa wa mwisho kutoka hospitali si ruhusa ya kupiga ngoma siku hiyo hiyo. Waganga wakuu wa halmashauri hizo waseme siku za kungoja, na mwanasiasa asizipunguze hata moja kwa kutafuta kupendwa.

Pili, vilabu visifunguliwe vyote kwa siku moja, bali kila kimoja kifunguliwe kikishakaguliwa. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliweka utaratibu wa leseni, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maafisa wa afya uwezo wa kukagua. Vyombo vya kisheria tunavyo. Kilabu kiwe na choo kinachotumika, mahali pa kunawia kwa maji yanayotiririka na sabuni, maji ya kunywa na ya kusuuzia yaliyochemshwa au kutiwa dawa, vyombo vyenye vifuniko, na kata yenye mpini ambayo haiguswi na mnywaji. Kila mnywaji awe na kikombe chake mwenyewe mpaka anapoondoka, na kikombe kioshwe kwa sabuni kabla hakijapewa mwingine. Desturi ya kupokezana kibuyu kimoja ni ya undugu, nasi tunaiheshimu. Lakini wakati wa maradhi undugu uonyeshwe kwa kumkinga mwenzako.

Tatu, utaratibu uangalie pia maradhi yanayopita kwa pumzi. UVIKO-19 ulitufundisha kwamba chumba kilichojaa watu na kufungwa madirisha ni hatari hata kama vikombe vimeoshwa. Vilabu vyetu vingi vina bahati ya kuwa na banda lililo wazi au mwembe wenye kivuli. Mabenchi na yatolewe nje, yaachane, na saa za kufunga zifuatwe. Kadiri usiku unavyoendelea na vichwa vinavyopata moto, ndivyo masharti yanavyosahauliwa.

Nne, sehemu ya ushuru na ada za leseni zinazotozwa kwa vilabu irudi katika vilabu hivyo kwa njia ya dawa ya maji na ukaguzi. Haielekei kumtoza mama mpika pombe mwaka mzima, kisha siku ya maradhi kumwambia kwamba halmashauri haina hata kopo la klorini. Na mahali ambapo maji ni adimu, hasa Handeni, halmashauri ipange vilabu viwe karibu na chanzo cha maji salama, au vifunguliwe kwa zamu siku ambazo maji yanapatikana.

Tano, kila kilabu kiwe na daftari la ukaguzi ambalo mwananchi yeyote anaweza kulisoma. Tarehe ya ukaguzi, alichokiona mkaguzi, na sahihi yake viwemo. Mahali ambapo sharti limevunjwa, kifungwe kilabu hicho kimoja mpaka kitengemae. Hivyo ndivyo tutakavyomwadhibu mkosaji bila kumwonea jirani yake aliyetii.

Sasa tunarudi kwa watumishi na walimu. Mpango wowote ule, hata uwe mzuri namna gani, utakufa mikononi mwa mtumishi mmoja anayekagua kilabu akiwa na kikombe mkononi. Mkaguzi anayepewa lita mbili za boha ili asione kukosekana kwa choo anauza uhai wa watu kwa bei ya lita mbili. Mtendaji anayefunga kilabu mchana na kuingia kwa mlango wa nyuma usiku ameifuta amri yake mwenyewe. Wananchi wa Handeni na Korogwe si watoto. Wanaona, na hufuata wanachokiona kuliko wanachosomewa.

Walimu nao wana nafasi ambayo ofisa yeyote hana. Korogwe ina chuo cha ualimu, na karibu kila kijiji kina shule. Mwalimu huaminiwa na mama mpika pombe kwa kuwa ndiye anayemlea mtoto wake. Akikaa naye nusu saa na kumweleza kwa Kiswahili chepesi kwa nini maji ya kusuuzia yanaua wakati pombe iliyochemshwa haikuua, atakuwa amefanya kazi ambayo mabango kumi hayawezi kuifanya. Mtoto aliyejifunza kunawa mikono kwenye ndoo ya shule mwaka 2020 leo ni kijana, na huenda keshokutwa ndiye atakayeketi kilabuni. Tusimwache aone kwamba usafi ulikuwa sharti la darasani tu.

Tunatoa wito kwa halmashauri zote nne za Handeni na Korogwe zikutane, ziandike mpango mmoja, ziusome mbele ya wananchi katika mikutano ya vijiji, na kuubandika katika kila kilabu na kila ofisi ya kijiji. Karatasi moja inatosha. Siku maradhi yatakapobisha hodi, amri ya kufunga itolewe mara moja bila kusitasita, na kila mwenye kilabu ajue tangu saa hiyo ni kazi gani inayomngoja ili afunguliwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na sisi katika nchi hii, kila kipindupindu kinaporudi, tumekuwa tukiujenga ukuta huo kwa makaburi.